Wingi wa Kundi Si Umoja

Umoja ni nguvu, lakini wingi peke yake si umoja. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia watungaji wa programu za kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huzidi kuichelewesha. Watu 4 wana njia 6 za kupashana habari. Watu 10 wana 45.

Mwalimu wa Ngorongo, Rufiji, akiwatuma wanafunzi 10 kupima shamba moja la mpunga, wawili watapima, wanane watatazama. Twashauri makundi ya wanne: wawili washike kamba, wa tatu asome kipimo, wa nne aandike, kisha wabadilishane. Mtoto asiye na kazi kundini huhudhuria tu, hajifunzi.