Nyamrerwa na Ajuoga si Mganga Mmoja

Wahindi hawamwiti mwalimu wa yoga tabibu wa Ayurveda, ijapokuwa elimu hizo mbili ni ndugu wa toka nitoke. Ayurveda hutafuta mizani ya vata, pitta na kapha kwa chakula, mitishamba na mwenendo wa kila siku. Yoga huutia mwili na pumzi adabu ili nafsi itulie. Zinategemeana, lakini kila moja ina jina lake na mtaalamu wake. Je, sisi tunaoandika Kiswahili tumewatendea vipi matabibu wetu? Tumewatia wote katika kapu moja liitwalo "mganga wa kienyeji".

Tuwatazame Wajaluo wa Homa Bay na Migori. Nyamrerwa, aghalabu mama mtu mzima, ndiye ajuaye mizizi na majani. Hutibu watoto na kuzalisha wajawazito. Ajuoga hupiga ramli, akasaka chanzo cha ndwele katika uhusiano wa mgonjwa na jamaa zake, walio hai na waliokufa. Gor Mahia wa Kanyamwa, ambaye klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 ina jina lake, hakusifika kwa ukunga!

Sikatai kwamba kazi hizo hukutana. Katika Dholuo neno yath ni mti na ni dawa pia, na manyasi, ingawa ni mitishamba, humtakasa aliyevunja mwiko. Umoja wa mwili, jamaa na mizimu upo. Ninachokataa ni kuchanganya wahusika, kwa maana mchanganyo huo una gharama.

UKIMWI ulipoenea kandokando ya Ziwa Victoria, kukonda kwa wagonjwa kulifanana mno na chira, maradhi yanayodhaniwa kumpata mvunja mwiko. Wengi wakatafuta manyasi. Hata baada ya hospitali ya Homa Bay kuanza kutoa dawa za kupunguza makali mwaka 2001, ilihitajika sauti inayoaminiwa nyumbani ili mgonjwa akubali kupimwa. Nani angeaminiwa na akina mama kuliko nyamrerwa? Lakini tangazo la Kiswahili likisema "msiende kwa waganga", yeye ndiye anayefukuzwa kwanza, na pamoja naye anaondoka mjumbe ambaye zahanati ilimhitaji.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya jadi nchini Kenya. Atakayeifasiri ataandika "mganga" mara ngapi, na kwa maana zipi?

Kiswahili hakina uchoyo wa maneno. Mti wa Bara Hindi ulipofika kwetu tuliuita mwarobaini. Yoga tuliipokea bila kunung'unika. Nyamrerwa yuko Rongo na Ndhiwa. Napendekeza aingie kamusini kwa jina lake, ngeli ya A-WA, wingi manyamrerwa. Chira iende I-ZI. Ajuoga naye abaki ajuoga katika umoja na wingi, maana "maajuoga" yananikwama kooni.