Hadithi za Thor na Odin: kitabu cha picha si mafundisho ya shetani

Mtoto akirudi nyumbani na kitabu chenye picha za miungu ya kale, hakukosi mzazi wa kuuliza: haya si mambo ya shetani? Ulizo hilo ni la haki, sababu mzazi ndiye mlinzi wa mtoto. Lakini kukinyang'anya kitabu kabla ya kukifungua si ulinzi.

Mfano ni kitabu cha Ingri na Edgar Parin d'Aulaire, bwana na bibi waliochora na kuandika pamoja. Ingri alizaliwa Norwe, Edgar Ujerumani. Kitabu chao juu ya miungu na majitu ya Ulaya ya kaskazini kilitoka Marekani mwaka wa 1967, na mwaka wa 2005 kikachapwa tena. Ndani yake kuna Thor na nyundo yake, Odin aliyetoa jicho lake moja ili apate hekima, na Loki, mjanja anayechokoza kila mtu.

Hadithi hizo zinafundisha nini? Kuna mbwa mwitu Fenrir, ambaye miungu waliogopa nguvu zake. Walimdanganya kwamba kamba wanayomfunga ni ya mchezo tu. Fenrir akakataa mpaka mmoja wao atie mkono kinywani mwake kama rehani. Tyr peke yake alikubali. Fenrir alipoona amenaswa, akaukata mkono huo. Mtoto anayesoma hapo anaelewa kwamba uongo wa wengi unaweza kulipwa na mmoja, tena yule aliye shujaa kuliko wote. Hakuna shetani hapo.

Wazazi wajue pia ni nani aliyezihifadhi. Inchi ya Aislandi ilipokea ukristo karibu mwaka wa 1000. Miaka kama 200 nyuma ya hapo, Snorri Sturluson, naye mkristo, aliziandika ili vijana watunga mashairi waelewe maneno ya wazee wao. Alionya waziwazi kwamba mkristo asiamini miungu hiyo. Kujua hadithi na kuabudu ni vitu viwili.

Wengine wanasema hadithi hizo zinatisha, kwa kuwa mwishoni miungu wenyewe wanakufa vitani. Ni kweli. Lakini hadithi haiishii hapo: inchi inatoka tena majini ikiwa na majani mabichi, na watu wawili waliojificha wanaanza maisha upya. Watoto wa Kivu, ambao wengi wamekimbia vita, wanaweza kuelewa mwisho huo kuliko mtu yeyote.

Jambo la kusikitisha ni lingine. Mwaka wa 1969, miaka miwili tu kisha kitabu cha d'Aulaire, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha hadithi ya Mwindo wa Wanyanga, kama ilivyosimuliwa na mzee Rureke. Mwindo alitiwa na baba yake ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akaokoka, na mwishowe wakapatana. Hicho ni kitabu cha wataalamu. Mtoto wa Walikale anastahili kukiona chenye rangi na picha, katika luga anayoisema nyumbani.

Aislandi ilikuwa na wakaaji wachache, lakini mtu aliandika na wengine wakachora. Wachoraji wa Goma na Bukavu wapo. Wazee wanaojua hadithi wanazidi kupungua.