Simu ya mtumba na makufuli yake

Mapishi ya maharage mabichi tuliyoahidi mwezi uliopita yatabidi yasubiri kidogo. Limetokea jambo ambalo tumeona tusiliweke hadi mwezi ujao, kwa kuwa huu ndio wakati ambapo vikundi vingi vya vikoba vinagawana fedha, na mama akishika mgao wake mkononi, simu ni kati ya vitu vya kwanza anavyovifikiria.

Mama mmoja wa Ipogolo, mjini Iringa, ambaye tunafahamiana naye kwa miaka mingi, alipata mgao wake akaamua kununua simu ya kupangusa. Hakuitaka kwa maringo. Binti yake yuko Dodoma, amejifungua mtoto wa kwanza, na bibi huyu alikuwa hajamwona mjukuu wake hata kwa picha, kwa sababu kitochi chake hakipokei picha. Kijana mmoja akamletea simu nzuri, kioo hakina mkwaruzo, na kava juu. "Mama, hii ni ya mtumba kutoka Dubai, dukani ungeipata kwa laki tatu," alimwambia. Akampa shilingi 150,000. Mumewe hakumwambia. Alitaka kwanza mtoto aonekane kwenye kioo, ndipo amwite baba aje kutazama.

Alimwona mjukuu kwa muda wa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini simu iliwaka ikiwa na maandishi kioo kizima: deni halijalipwa, lipa ufunguliwe. Hakikubonyezeka kitu kingine chochote. Ilikuwa simu ya mkopo. Mtu fulani aliichukua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku, akaacha kulipa, akaiuza. Deni lililobaki lilizidi fedha aliyotoa mama yetu, na namba ya yule kijana haipatikani mpaka leo.

Tulipomtembelea alikuwa ameifunga simu ile katika kitambaa na kuiweka chini ya nguo. Alituuliza swali ambalo huenda na wewe ungeuliza: "Mbona niliiona inafanya kazi?"

Naam, ilikuwa inafanya kazi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Nguo ya mtumba ukiigeuza unaona kama imetoboka, sufuria ukiigonga unasikia kama ina ufa, lakini simu yaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa imefungwa na mtu aliye mbali. Makufuli hayo hayafanani.

Lipo hilo la mkopo. Kampuni inayokopesha huweka ndani ya simu programu inayoweza kuifunga kutoka mbali, na hata fundi akiifuta simu yote, mara nyingi programu hiyo hujirudisha yenyewe simu ikishapata intaneti. Kwa hiyo simu inaweza kupita majaribio yote mezani kwa muuzaji kama haijaunganishwa na intaneti.

Lipo kufuli la mwenyewe wa kwanza. Simu nyingi za kupangusa hufunguliwa kwa akaunti, ya Google kwa simu za Android na ya Apple kwa iPhone. Kampuni hizo ziliweka ulinzi, Apple tangu mwaka 2013 na Google tangu 2015, ili mwizi akiiba simu na kuifuta, ikiwaka tena idai akaunti ileile ya mwenyewe. Ni ulinzi mzuri sana ukiwa wewe ndiye uliyeibiwa. Wapo mafundi wanaoweza kuuzunguka kwa muda, simu ikatumika vizuri, hadi siku utakapoifuta tena mwenyewe ndipo inauliza barua pepe ya mtu usiyemjua.

Na lipo kufuli la mtandao. Hili tunalijua kwa kuwa lilitukuta sisi wenyewe. Ndugu yetu aliyeko Marekani alituma simu nzuri sana kwa mkono wa mtu. Tuliweka laini yetu hapa Mbeya, simu ikasema laini hii haikubaliki. Kule Marekani kampuni za simu huwauzia wateja simu kwa kulipa polepole, na mara nyingi simu hiyo hukubali laini za kampuni hiyo pekee mpaka deni liishe na mteja aombe ifunguliwe. Sisi hatukujua. Tuliipeleka kwa fundi, akachukua shilingi 20,000, akakaa nayo siku nne, akaturudishia ikiwa haiwaki kabisa. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba ndugu yetu angeweza kuiomba kampuni yake ifungue, bila fundi yeyote kuigusa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipa yote. Basi mwenye ndugu ng'ambo amwambie mapema: kabla hujaituma, omba kampuni yako iifungue, kisha iweke laini ya kampuni nyingine uone kama inashika. Uingereza wao walipiga marufuku kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa namna hiyo kuanzia Desemba 2021, lakini simu za zamani za huko bado zinazunguka sokoni.

Hatusemi kwamba simu ya mtumba isinunuliwe. Wengi wetu tumevaa mtumba na kulea watoto kwa mtumba, na simu iliyotumika vizuri kisha ikakarabatiwa na mtu mwaminifu, akabadili betri na kioo, inaweza kukutumikia miaka. Lakini tofautisha iliyokarabatiwa na iliyopakwa rangi. Muulize muuzaji, kimebadilishwa nini humu? Akijibu "kila kitu ni orijino, haijaguswa," basi haijakarabatiwa, imefutwa vumbi tu, na bei yake iwe ya namna hiyo.

Tukiwa Iringa tulikwenda na dada mmoja mtaa wa Miyomboni kununua simu, na tunapenda kueleza jinsi alivyofanya, maana alitufundisha. Alikwenda asubuhi. Yeye husema kwamba anayenunua simu jioni, huku basi la Mafinga linapiga honi, hununua haraka yake mwenyewe. Alibeba laini yake, chaja yake, na bando la kutosha.

Baada ya salamu ("Kamwene, mwanangu"), alibonyeza *#06#. Hapo hutokea namba yenye tarakimu 15, ambayo ndiyo kitambulisho cha simu hiyo duniani kote. Aliilinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi. Kisha aliituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo hurudisha jina la kampuni na aina ya simu. Ukiambiwa hiyo ni simu ya kampuni nyingine kabisa, rudisha. Mnakumbuka tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima? Watu walilala na simu, wakaamka na vipande vya plastiki.

Halafu akamwomba muuzaji aifute simu yote mbele yake, kupitia mipangilio ya simu, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kijana alisitasita akasema itachukua muda. "Muda ninao, mwanangu," dada akamjibu, akavuta kigoda akakaa. Simu ilipowaka upya haikudai akaunti ya mtu. Kama ingedai, au kama muuzaji angekataa kuifuta, safari yetu ingeishia hapo. Aliingiza laini yake, akawasha intaneti, akaiacha mezani kwa nusu saa ili kama kuna programu ya mkopo ijitokeze. Ukiona maandishi kwamba simu iko chini ya usimamizi wa kampuni fulani, shukuru na uondoke, hata kama bei imeshuka nusu. Tena hasa kama imeshuka nusu.

Katika nusu saa hiyo alipiga simu, akapigiwa, akamwuliza aliye upande wa pili kama sauti inasikika. Akaangalia kama imeandika 4G. Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine zinaweza kukosa masafa tunayotumia hapa, ikawa inashika mtandao wa polepole tu, na ukiipeleka kijijini isishike kabisa. Akafungua ukurasa mweupe akakichunguza kioo kama kina madoa, akaburuta alama moja kwa kidole pande zote za kioo aone kama kuna mahali pasiposikia. Akapiga picha mbele na nyuma. Akachomeka chaja yake.

Juu ya betri tungependa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu hatuna umeme wa uhakika, na wapo wanaolipia kuchaji kwenye sola ya jirani. Betri za simu huzeeka kwa kuchajiwa. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa haziwezi tena kubeba chaji ziliyobeba zikiwa mpya, hata kama hazina kosa. iPhone huonyesha kwa asilimia uzima uliobaki, ukiwa chini ya 80 ujue betri inataka kubadilishwa. Kwa nyingine, angalia chaji inavyoshuka katika ile nusu saa. Ikishuka kwa asilimia kumi na tano bila kazi kubwa, jumlisha bei ya betri kwenye bei ya simu. Na mgongo wa simu ukiwa umetuna, usiinunue wala usiiweke karibu na mtoto. Betri iliyovimba yaweza kushika moto.

Umri wa simu nao una maana. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0, na tangu Mei 2025 haifanyi kazi katika iPhone 5s na iPhone 6. Bado utaziona zikiuzwa kwa bei ya kuvutia, zinang'aa. Kama ulitaka kumwona mjukuu, hutamwona humo. Kwa maoni yetu, ukiwa na fedha kidogo, simu mpya ya bei nafuu yenye dhamana mara nyingi ni bora kuliko simu kubwa ya zamani yenye jina. Tunajua mabinti zetu hawakubaliani nasi hapa.

Yule dada alidai risiti ya mashine, ile ya EFD, na akaomba iandikwe ile namba ya tarakimu 15. Alilipa zaidi ya bei ya barabarani kwa shilingi 30,000 hivi. Tulimwuliza kama haimuumi, akasema duka lina mlango, kesho atalikuta.

Risiti hiyo si karatasi ya kupamba mkoba. Mama mwingine, wa Uyole hapa Mbeya, alinunua simu kwa mpita njia, na ndani yake kulikuwa na memori kadi aliyoambiwa ni zawadi. Alipoifungua nyumbani akakuta picha: watoto wawili na keki, mzee mgonjwa kitandani, kisha mazishi ya mzee yuleyule. Picha zaidi ya mia mbili za nyumba ya watu. Alituambia hakulala. Ilikuwa wazi kwamba kuna mama mahali fulani anayelia, si simu, bali sura ya baba yake.

Kununua mali huku ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai, na hata usipojua, mwenye mali akijitokeza huchukua chake, nawe unabaki kumdai aliyekuuzia. Mama wa Uyole hakuwa na wa kumdai. Jirani zake walimshauri azifute zile picha anyamaze. Yeye aliichukua simu na kadi akaenda polisi, akaeleza alivyoinunua. Aliogopa sana, na tunakiri kwamba nasi tungeogopa. Simu ilibaki huko. Miezi miwili baadaye hajasikia lolote, wala fedha yake haijarudi. Anasema angalau kadi haiko nyumbani kwake.

Jambo la mwisho ni kwa mwenye kuuza yake ya zamani au kuipeleka kwa fundi. Toa laini, toa memori kadi, ifute yote. Usimpe fundi namba ya siri ya M-Pesa wala ya mtandao wowote, hana haja nayo. Na ukinunua, usikubali simu yenye laini ndani yake. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo laini ya mtu mwingine ni mambo ya mtu mwingine.

Mama wa Ipogolo alifarijika kidogo tulipomweleza kwamba fedha zake za M-Pesa ziko salama, kwa kuwa zinakwenda na laini wala si simu. Aliirudisha laini kwenye kitochi, salio likaonekana. Mumewe alimweleza siku ya tatu. Alikaa kimya jioni nzima, halafu akauliza, "Mtoto anafanana na nani?" Mama akashindwa kueleza vizuri. Sasa siku za Jumapili wanakwenda wote wawili kwa jirani mwenye simu, na binti anapiga kutoka Dodoma saa kumi. Mtoto ameota meno mawili.