Samaki wa Nyumbani Wenye Madoa Meupe: Mabeseni Mawili Yanatosha



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa Bukavu. Anatuambia hivi: "Watoto wangu wanafuga samaki wadogo wa rangi ndani ya tangi la kioo lenye majani ya majini. Tuliongeza wengine watatu waliotoka Uvira. Baada ya siku tano wote wamejaa vidoa vyeupe kama chumvi, na wanajisugua kwenye mawe. Wawili wamekwisha kufa. Muuzaji anataka ninunue dawa ya kijani, lakini bei yake ni chakula chetu cha siku mbili, na ile ya kwanza aliyotuuzia imeozesha majani. Je, nitupe vyote?"

Hapana mama, usitupe. Ugonjwa huo unajulikana duniani kote na unapona. Kwanza tuondoe hofu: hauambukizi watu. Watoto hawawezi kuupata.

Vidoa hivyo ni vimelea. Kila kidoa ni kiumbe kimoja kilichojificha chini ya ngozi ya samaki, kikimla polepole. Wataalamu wamekipa jina refu la Ichthyophthirius multifiliis, maana yake chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Jina hilo linatufundisha jambo. Kimelea kikishashiba hutoka kwenye samaki, huanguka chini, hujishika kwenye changarawe, kioo au majani, kisha hujifunika ganda. Ndani ya ganda hilo hujigawa hadi kuwa mamia ya watoto. Watoto hao hutoka na kuogelea wakitafuta samaki. Wasipompata katika siku mbili hivi, wanakufa.

Sasa mnaona kwa nini wengi wanashindwa. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi, dawa ya kwenye maji haikifikii. Kikiwa ndani ya ganda, pia hakifikiwi kwa urahisi. Kinauawa wakati kinaogelea tu. Mama anaona vidoa vimepotea siku ya tatu, anafurahi, anaacha kutibu. Kumbe vimeanguka chini kuzaa! Baada ya siku chache vinarudi mara kumi. Ni kama homa ya malaria: mtoto anacheka siku ya pili, lakini vidonge lazima vimalizike.

Kwa hiyo tunashauri njia isiyotaka dawa ya duka wala umeme wa siku nzima. Inataka mabeseni mawili na uaminifu wa kila siku.

1. Tayarisha maji. Maji ya Regideso yana klorini inayochoma samaki. Yaache ndani ya ndoo au bidoni isiyofungwa kwa siku moja, ndani ya nyumba, yapate joto la chumba.

2. Hamisha samaki wote, hata wale wasio na kidoa, kwenye beseni safi lisilo na changarawe wala majani. Beseni lisiwe limefuliwa kwa sabuni. Weka chumvi ya kawaida ya jikoni, gramu 2 kwa kila lita, uliyoiyeyusha kwanza kwenye kikombe. Samaki wasio na magamba, kama jamaa za kambale, wawekee nusu ya hiyo.

3. Kesho yake, saa ile ile, wahamishe kwenye beseni la pili lenye maji mapya ya chumvi. Vimelea vilivyoanguka usiku vinabaki katika beseni la kwanza, navyo bado havijazaa. Mwaga maji hayo mbali na tangi, suuza beseni kwa maji ya moto, lianike juani likauke kabisa. Wavu pia uanikwe.

4. Fanya hivyo kila siku bila kuruka hata moja. Kama maji yana digrii 25 hivi, fanya siku 10. Kama nyumba ina baridi, fanya siku 14, kwa sababu kwenye baridi kimelea hukaa muda mrefu zaidi juu ya samaki.

5. Lisha kidogo, mara moja kwa siku. Chakula kinachobaki huoza haraka ndani ya beseni.

Na tangi lenye majani? Liache palepale, bila samaki hata mmoja, wiki mbili. Pampu na taa viendelee kama kawaida. Watoto wa kimelea watatoka kwenye maganda, watatafuta samaki, watamkosa, watakufa kwa njaa. Majani hayatadhurika, wala konokono. Ukirudisha samaki, tangi litakuwa limejitibu lenyewe.

Jambo moja la usalama: beseni la maji ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Liweke juu ya meza imara, katika chumba kinachofungwa, ulifunike kwa kitambaa chepesi. Kitambaa hicho kitawazuia pia samaki kuruka nje.

Wenye umeme wa uhakika na kifaa cha kupasha maji wanaweza kutibu ndani ya tangi lenyewe, kwa kupandisha joto polepole, digrii 1 au 2 kwa siku, hadi 30, na kulishikilia siku 10 au zaidi. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, hivyo pampu ya hewa isizimike. Umeme ukikatika usiku, samaki watahema juu ya maji na wengine watakufa. Tena, kuna vimelea vinavyostahimili joto hilo. Ndiyo sababu kwa nyumba nyingi za kwetu beseni ni bora.

Na ile dawa ya kijani? Mara nyingi ni rangi inayoitwa kijani cha malakiti. Ina jina la jiwe letu la malakiti kwa sababu ya rangi tu, jiwe lenyewe halimo. Huua kimelea kweli, lakini ni sumu. Mama mjamzito asiiguse, watoto wasiifikie, na samaki aliyetibiwa nayo asiliwe kamwe. Dawa zenye shaba nazo huua konokono na huunguza majani mengi. Usimwage dawa yoyote usiyojua jina lake.

Sasa, ugonjwa huu uliingiaje? Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, penye joto, na maji ya juu ya ziwa huwa karibu digrii 25 au zaidi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Samaki aliyesafirishwa ndani ya mfuko na kutiwa ghafla kwenye maji ya baridi huishiwa nguvu, na kimelea alichokuja nacho kinapata nafasi. Kwa hiyo mgeni akae peke yake kwenye beseni wiki mbili kabla ya kuingia kwa wenzake. Na siku anapoingia, acha mfuko uelee juu ya maji nusu saa, joto lilingane.

Neno la mwisho ni la majani. Msiwatume watoto kuyachuma ziwani au mtoni. Katika maji yenye majani hukaa konokono wanaobeba kichocho, yaani bilarzia, na hicho kinampata mtu kwa kupita kwenye ngozi yake. Konokono hao wanaweza kuletwa hadi ndani ya tangi. Omba vipande vya majani kwa mtu mwenye tangi la zamani, na watoto wanawe mikono kila wanapomaliza kazi yao.

Mama wa Bukavu, waite watoto wako leo. Mkubwa ashike wavu, mdogo aandike tarehe kwenye kalenda. Samaki ni wao, na kazi iwe yao, wewe ukiwa pembeni. Siku vidoa vitakapopotea watakuambia: "Mama, wamepona!" Waambie bado, tuhesabu siku.