Nani kawaambia nafasi ndio mwisho wa jina?

Sijalala na nina hasira, mnivumilie.

Jana usiku niliandika kaskripti ka kufuta nakala za zamani kwenye folda ya kundi letu. Kafupi tu: ls itaje majina, grep ichague yenye neno "zamani", rm ifute. Kumbe mshkaji mmoja kahifadhi nakala yake kwa jina "data.csv zamani". Sheli (si ile ya mafuta) ikaona nafasi, ikakata jina vipande viwili. Kipande cha kwanza, data.csv, ndiyo faili lenyewe la madodoso. Likaenda! Flashi ya mwenzetu ina nakala ya Jumatatu. Madodoso 40 yaliyoingizwa baada ya hapo, tunaanza upya.

Sasa wadau wanamlaumu aliyeweka nafasi kwenye jina. Acheni hizo. Unix inaruhusu bayti yoyote kwenye jina la faili isipokuwa mkwaju (/) na bayti ya sifuri. Hata mstari mpya ruksa. Kosa ni langu, nakubali, nilimlisha rm maandishi yaliyopangwa kwa macho ya mtu. Ila na nyie mnaotengeneza zana mna lenu: mnapamba skrini, halafu skripti mnaiacha ibahatishe.

Na si kwamba haiwezekani. find ina -print0, inatenganisha majina kwa ile bayti ya sifuri isiyoweza kuwemo ndani ya jina, na xargs -0 inapokea. POSIX imeyaingiza hayo 2024, kwa kuchelewa kweli. git status ina --porcelain, umbo ambalo wameahidi halitabadilika kila toleo jipya. Ongeza -z, umemaliza. ls ya GNU nayo ilipewa --zero mwaka 2021. Lakini tangu 2016 inazungushia alama za nukuu majina yenye nafasi kwenye skrini tu. Ukiielekeza kwenye skripti, alama hazipo. Yaani unachokiona wewe sicho inachopata skripti!

Kwa hiyo nyie wa projekti za mwaka wa mwisho, rangi na majedwali yenu sawa. Ila wekeni na chaguo moja la skripti: bayti ya sifuri kati ya majina, ujumbe wa makosa upite njia yake, umbo lisiguswe. Zana isiyo na hilo haikanyagi folda yetu.

Narudi kwenye madodoso. Nimefika la 6.