Tiketi ya Meli Si Ruhusa ya Kuvuka Mpaka

DIRA YA MSAFIRI
Na Zuhura Khamis Mbwana

Abiria anayezuiwa bandarini kwa kukosa hati za kusafiria huhukumiwa upesi kuwa mzembe aliyesahau, na jamaa zake hawakawii kumkumbusha kwamba majuto ni mjukuu. Hukumu hiyo huharakishwa mno. Wapo wasafiri ambao kweli huiacha pasi kwenye droo wakaenda zao, lakini wapo pia wanaofika mbele ya kaunta wakiwa na hati walizoamini kwa dhati kwamba zinatosha, kwa kuwa siku walipolipa nauli hakuna aliyewaeleza ni hati zipi hasa zitatakiwa kwa mtu mwenye uraia wao na hadhi yao ya ukaazi. Hoja ya safu hii wiki hii ni kwamba tatizo la hati katika safari za meli za kitalii ni la maarifa kabla halijawa la kumbukumbu, na kwamba anayeuza safari anapaswa kubeba sehemu ya lawama ambayo hadi leo huangukia abiria peke yake.

Meli ya kitalii ni meli kubwa ya abiria ambamo mtu hulala, hula na kustarehe huku akipelekwa kutoka bandari moja hadi nyingine, na mara nyingi hurejeshwa palepale alipopandia. Bandari za Florida, hasa Miami, na ile ya Galveston katika jimbo la Texas, ni milango mikubwa ya safari hizo kuelekea visiwa vya Karibi na pwani ya Meksiko, na Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani ni miongoni mwa wanaozitumia kwa fungate, kwa maadhimisho ya ndoa na kwa mikutano ya ukoo. Katika ukoo mmoja wa namna hiyo huweza kuwemo raia wa Marekani, mkaazi wa kudumu mwenye pasi ya Tanzania, mwanafunzi wa chuo mwenye pasi ya Kenya na mkimbizi kutoka Kongo asiye na pasi ya nchi yoyote, wote wakiwa wamekatiwa tiketi siku moja na kwa bei moja. Tiketi zao zinafanana, lakini masharti ya hati zao hayafanani hata kidogo, na hapo ndipo balaa huanzia.

Ukali wa kampuni za meli una sababu za kisheria. Kanuni za forodha za Marekani zinaitaka meli ya abiria iwasilishe kwa njia ya kielektroniki orodha ya watu wote waliomo, pamoja na taarifa za hati zao, angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Ndiyo maana kaunta za usajili hufungwa mapema, na mtu aliyeletewa pasi mbio na ndugu yake huweza kuzuiwa ilhali meli anaiona ingali gatini na ngazi yake haijainuliwa. Aidha, sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo huitoza kampuni faini kwa kila mgeni inayemfikisha nchini bila hati halali, na kiwango cha msingi kilichoandikwa katika sheria, dola 3,000, hupandishwa kadiri bei za bidhaa zinavyopanda. Mfanyakazi wa kaunta hana mamlaka ya kuhurumia, kwa kuwa huruma yake ingelipiwa na mwajiri wake.

Orodha hiyo ina kazi nyingine iliyo nzito kuliko faini. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, ambao toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic mwaka 1912, leo unataka watu wote wahesabiwe kabla meli ya abiria haijaondoka, na majina yao yahifadhiwe nchi kavu, ili ikitokea ajali waokoaji wajue wanamtafuta nani. Watanzania hawahitaji kufundishwa thamani ya orodha hiyo. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na idadi kamili ya waliopotea imebaki kuwa ya makadirio mpaka leo. Anayesisitiza kulinganisha sura, jina na hati kabla ya mtu kukanyaga ngazi ya meli anafanya kazi ambayo kutofanywa kwake kuliwahi kuliza taifa zima, kwa hiyo haifai kumwona kama adui wa msafiri.

Ikiwa ukaguzi wenyewe ni wa haki, swali linabaki kuwa ni nani anayepaswa kumwandaa abiria kwa ajili yake. Katika bandari za Marekani ipo nafuu inayowapotosha wengi, nayo ni ile ya safari ya mzunguko uliofungwa, yaani safari inayoanzia na kuishia katika bandari ileile ya nchi hiyo. Chini ya kanuni za usafiri wa nchi kavu na baharini zilizoanza kutumika tarehe 1 Juni 2009, raia wa Marekani anayerejea kutoka safari ya namna hiyo anaweza kuonyesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha badala ya pasi, na mtoto wa chini ya miaka 16 huweza kurejea kwa cheti cha kuzaliwa pekee. Hata nafuu hiyo ina mipaka yake: nchi inayotembelewa inaweza kudai pasi kwa sheria zake yenyewe, na cheti kinachokubalika ni kile kilichotolewa na msajili wa serikali, si karatasi ya kumbukumbu ambayo hospitali humpa mama ikiwa na alama za nyayo za mtoto mchanga, ambayo wazazi wengi huitunza kwa mapenzi wakidhani ndiyo cheti.

Nafuu hiyo ni ya raia tu, lakini husimuliwa misibani na harusini kana kwamba ni ya kila anayeishi Marekani. Mkaazi wa kudumu, yule mwenye kadi inayojulikana kwa wote kama Green Card, anapaswa kubeba kadi hiyo yenyewe wala si picha yake iliyomo kwenye simu, na pamoja nayo pasi ya nchi yake ambayo muda wake haujaisha, kwa sababu kadi humrudisha Marekani lakini haimfungulii mlango wa nchi nyingine isipokuwa nchi hiyo iwe imeamua hivyo. Meksiko, kwa mfano, humsamehe visa mkaazi wa kudumu wa Marekani, ilhali pasi bado inaihitaji. Mwanafunzi wa kigeni huhitaji fomu ya I-20, yaani hati ya chuo inayothibitisha kwamba anasoma, nayo iwe imetiwa saini ya ruhusa ya kusafiri na afisa wa chuo kabla ya safari. Mkimbizi huhitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo msingi wake ni Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na ambayo inampasa kuiomba mapema, kwa kuwa maombi hayo hayashughulikiwi kwa siku moja. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi ndiye aliye hatarini zaidi, kwani akitoka nje ya nchi bila kibali cha mapema anaweza kulipoteza ombi lenyewe, na hasara ya namna hiyo hailinganishwi na nauli iliyopotea.

Mabaharia wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na msafiri wa meli ya kitalii huamini vivyo hivyo kwamba, kwa kuwa atarudi alikotoka, hajaondoka kwa maana kamili ya kuondoka. Sheria za uhamiaji hazifikiri hivyo. Meli ikishagusa bandari ya nchi nyingine, hata kwa saa sita tu, abiria asiye raia anaporejea hukaguliwa upya kama mtu anayeingia kutoka nje. Kanuni hiyo huwakwaza pia wanaosafiri Ulaya, ambako nchi za Schengen, yaani zile zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hutoa visa moja inayotumika katika nchi zote hizo. Mtanzania au Mkenya mwenye visa ya kuingia mara moja akipanda meli Piraeus nchini Ugiriki, akateremka Kuşadası nchini Uturuki, kisha meli ikaelekea tena kwenye visiwa vya Ugiriki, huwa ameshaitumia visa yake kwa kule kuingia kwa kwanza, na ndiyo sababu kampuni inaweza kumkatalia tangu bandari ya mwanzo ingawa visa iliyobandikwa katika pasi yake bado ina siku nyingi. Huyo hakusahau chochote. Aliuziwa safari ambayo visa yake haikuweza kuimudu.

Majina nayo huleta matatizo yake. Mwanamke aliyeolewa Marekani anaweza kuwa na kadi ya ukaazi yenye jina la ukoo wa mumewe huku pasi yake ya Kenya au Tanzania ikiwa bado na jina la baba na la babu, na tiketi ikawa imekatwa kwa jina la tatu ambalo kila mtu humwitia. Kwake yeye, cheti cha ndoa huwa hati ya kusafiria sawa na pasi, kwa kuwa ndicho kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Vivyo hivyo, mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenziwe, au shangazi anayempeleka mpwa wake, anashauriwa kubeba barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili au mthibitishaji wa umma, kwa sababu maafisa wa mipaka wana wajibu wa kuzuia utoroshaji wa watoto na hawana njia ya kutambua upendo wa shangazi kwa kumtazama usoni.

Hata mwenye hati zote kamili anaweza kuzikosa kwa namna anavyozibeba. Katika bandari za Marekani, abiria anaposhuka kwenye gari hupokewa na wapagazi wanaofunga lebo zenye namba ya chumba kwenye masanduku na kuyapakia kwenye makasha ya chuma yenye magurudumu. Masanduku hayo hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi, huingizwa melini kwa mlango wa mizigo, na huweza kufikishwa vyumbani jioni. Mwenye sanduku huingia kwa mlango mwingine, hupanga foleni na kuombwa pasi, na kama aliiweka kwenye mfuko wa ndani wa sanduku, pasi yake huwa imo kati ya maelfu ya masanduku ambayo hakuna anayeweza kuyapekua kwa wakati. Onyo la Abiria Chunga Mzigo Wako, ambalo kila Mwafrika Mashariki amelisoma ndani ya basi, lina tafsiri moja tu hapa: hati hazitoki mwilini mwa mwenyewe, na hazikabidhiwi kwa yeyote isipokuwa afisa anayezikagua.

Aliyeachwa hudhani kwamba ataiwahi meli katika bandari inayofuata, lakini njia hiyo ni nyembamba. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa katika nchi za kigeni, kama vile Bahamas na Panama, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza meli za kigeni kumsafirisha abiria kati ya bandari mbili tofauti za nchi hiyo isipokuwa kwa masharti maalumu. Kwa hiyo aliyeachwa Miami anaweza kukataliwa kupandia Key West, ingawa zote ni za Florida na meli itatia nanga huko kesho yake. Bandari inayofuata ikiwa ni Cozumel nchini Meksiko, atalazimika kupanda ndege, na huko pasi haina mbadala, hata kwa raia wa Marekani ambaye baharini angeruhusiwa kwa cheti cha kuzaliwa. Nauli nayo kwa kawaida hairudishwi, kwa kuwa mkataba wa tiketi humtwika abiria jukumu lote la hati, na bima za safari mara nyingi hazilipi hasara iliyotokana na kukosa hati zinazotakiwa.

Mkataba huo unaweza kuwa halali kisheria, lakini haumwondolei muuzaji wajibu wake wa kimaadili. Fomu ya kukatia tiketi huuliza uraia wa abiria, na kampuni inayoweza kumuuliza mteja aina ya kitanda anachotaka inaweza pia kumuuliza hadhi yake ya ukaazi, ikamwonyesha hati zinazomhusu yeye, kwa lugha nyepesi, kabla haijapokea fedha yake. Mawakala wa safari wanaowauzia Waswahili, pamoja na viongozi wa jumuiya wanaopanga safari za pamoja, nao wanapaswa kukagua hati za kila mmoja kabla ya kupokea malipo ya kwanza, si kusambaza ujumbe mmoja wa kuwataka wote waje na vitambulisho. Msafiri naye ana sehemu yake, nayo ni kuuliza mapema na kuomba jibu la maandishi, kuhakikisha kwamba pasi ina angalau miezi sita mbele yake kwa kuwa nchi nyingi hudai hivyo, na kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwapo anatokea Afrika Mashariki, kwani baadhi ya visiwa vya Karibi huidai kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo.

Hati hukaguliwa bandarini, lakini huandaliwa nyumbani, na maandalizi hayo huanza pale muuzaji na mnunuzi wanapokutana. Kwa sababu hiyo, msomaji anayefikiria safari ya meli anasihiwa asitoe hata senti moja kabla ya kupewa, kwa maandishi na kwa jina la kila mtu katika familia yake, orodha ya hati zitakazotakiwa kutoka bandari ya kwanza hadi ya mwisho. Na muuzaji asiyeweza kuitoa orodha hiyo hastahili kuuza safari hiyo.