Grand Port 1810: Madai Manne Yasiyosimama

Vita vya frigeti (meli za kivita) vilivyopiganwa kati ya Waingereza na Wafaransa huko Grand Port, Mauritius, Agosti 1810, husimuliwa kwa majigambo ya pande mbili. Tuyapime.

"Baada ya vita vya Trafalgar, Waingereza hawakushindwa tena baharini." Si kweli. Katika bandari hiyo walipoteza kikosi kizima cha frigeti nne: Sirius na Magicienne walizichoma wenyewe zisitekwe, Nereide ikasalimu amri, Iphigenia nayo ikafuata. Ndiyo maana jina la Grand Port limechongwa kwenye Arc de Triomphe jijini Paris.

"Ni matumbawe yaliyowashinda, si Wafaransa." Ni kweli kwamba Sirius na Magicienne zilikwama mwambani, na Magicienne ikabaki na mizinga michache tu ya kumlenga adui. Lakini meli za Wafaransa nazo zilipanda kwenye maji mafupi. Tofauti ilikuwa akili. Kamanda wa Wafaransa, Duperré, alikuwa ameyahamisha maboya ya mkondo. Alipojeruhiwa, nahodha mwenzake Bouvet akashika uongozi. Frigeti yao Minerve ilikuwa imekingwa na nyingine, Bellone, isiweze kupiga, hivyo mabaharia wake wakahamishiwa Bellone kujaza nafasi za waliouawa. Nereide ilipondwa mpaka ikanyamaza.

"Ushindi huo wa Wafaransa uliokoa kisiwa chao." Haukukiokoa. Septemba ya mwaka huohuo kamanda Mwingereza Rowley aliiteka frigeti ya Wafaransa Venus pamoja na kamanda wake, Hamelin. Mwishoni mwa Novemba jeshi la Waingereza likashuka kaskazini mwa kisiwa, na tarehe 3 Desemba 1810 kisiwa kikasalimu amri.

"Waingereza waliwaletea watumwa uhuru." Dai hili linatuhusu zaidi sisi wa pwani. Watumwa walikuwa ndio wengi kisiwani, na maelfu yao walitoka Msumbiji, Madagaska na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliingia mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Uingereza ilikwisha kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, lakini masharti ya kusalimu amri ya 1810 yaliwaachia walowezi mali zao, na watumwa walihesabiwa kuwa mali. Utumwa ulifutwa huko tarehe 1 Februari 1835, na waliolipwa fidia ni mabwana.

Kwa hiyo anayeifundisha Grand Port kama hesabu ya mizinga na bendera hajaimaliza. Bendera ilibadilika Desemba 1810. Mtu wa Kilwa aliyekuwa shambani kisiwani humo alibaki mtumwa miaka 24 zaidi.